Shajara ya mradi wa mchezo wa pango: toleo 0.6.0 hadi 0.6.4

Mchezo ulipofikia

Mchezo ni wa karata, lakini mapambano yanajiendesha yenyewe. Mchezaji anaanza na fungu la karata 12. Kabla ya kila chumba anaokota 5, anapanga 3 kwenye mstari (mbele, kati, nyuma), anabonyeza Ingia, na kuanzia hapo hagusi tena kitu mpaka upande mmoja umalizike. Akishinda, anachagua moja kati ya mawili: kuongeza karata 1 kati ya 3 anazoonyeshwa, au kuondoa 1 aliyo nayo. Pango lina tabaka 3, kila tabaka vyumba 8 na bosi wake (adui mkuu). Tabaka la kwanza ni mapango ya chokaa kwa mfano wa yale ya milima ya Wamatumbi, la pili ni mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, la tatu ni kasri lililochorwa kwa kufuata Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, pamoja na birika lake la pembe nane. Unatengenezwa kwa Godot 4 (programu ya kutengenezea michezo), na simu inayolengwa ni Android ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi wa huku kwetu.

Michezo ya aina hii ina wazazi wawili. Kujenga fungu huku unacheza kulianzia mezani, na Dominion ya 2008 ndiyo iliyokueneza. Slay the Spire, iliyokamilika 2019, ikakuingiza pangoni. Mapambano ya kujiendesha yalivuma mwaka huohuo wa 2019 kupitia Dota Auto Chess. Ukiwaoanisha wazazi hao unapata tatizo ambalo kila mmoja peke yake hana. Katika Slay the Spire unacheza karata kwa mkono wako na unaona papo hapo imefanya nini. Hapa uamuzi unafanywa mlangoni, na matokeo yanakuja sekunde 20 baadaye, baada ya mambo mengi kutokea kwa pamoja. Maoni karibu yote tuliyopokea Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi yanazunguka hapo: sijui nimekufaje.

Maoni yanavyokusanywa

Fomu ina maswali manne. La kwanza linaulizwa kabla mchezaji hajaonyeshwa chochote: umeuawa na nini? Jibu linaandikwa kwa maneno yake, kisha linalinganishwa na kumbukumbu ya pambano, pale penye chanzo kilichomwondolea uhai mwingi kuliko vingine. Vikilingana, pambano limesomeka. Vikipishana, kuna kitu kimefichika, hata kama mchezaji mwenyewe anasema ameufurahia mchezo. Kipimo hiki kina maana kuliko nyota 1 hadi 5. Aliyeshinda hutoa nyota nyingi, aliyeshindwa hutoa chache, na ukimaliza kuzihesabu hujui urekebishe nini.

Swali la pili ni ungepanga vipi kama ungerudia. La tatu, karata gani hukuielewa. La nne ni aina ya simu, asilimia ya betri, na kama hali ya kubana chaji ilikuwa imewashwa. Hili la nne lilionekana la ziada mwanzoni, lakini toleo 0.6.1 lote limetoka humo.

Anayesimamia majaribio hafundishi. Mchezaji akiuliza, "Kaka, hii ngao ya kati inamkinga nani?" anajibiwa, "Wewe unaonaje?" na swali linaandikwa kama lilivyo. Swali lililoulizwa ni kasoro ya skrini, kwa hiyo ukilijibu kwa mdomo umeifuta kasoro kabla hujaiona.

Kila maoni yana sehemu mbili: panapouma, na dawa anayoipendekeza mchezaji. Sehemu ya kwanza ni ya kuaminiwa. Ya pili ni ya kupimwa kwa hesabu kabla ya kuigusa namba yoyote, na mifano yake iko chini.

Toleo 0.6.0: kuchanganya karata

Lililolalamikiwa: mchezo unaficha karata nzuri. Dawa iliyopendekezwa: mchezo umpe mchezaji karata nzuri pale anapokaribia kufa.

Ndani ya lalamiko hili mlikuwa na mambo matatu tofauti, na ni vizuri kuyatenganisha.

Kwanza, uchanganyaji wenyewe ulikuwa na upendeleo. Msimbo ulikuwa unapita kila nafasi ya fungu na kuibadilisha na nafasi yoyote kati ya zote. Inaonekana ni haki, lakini chukua karata 3 tu: njia ziko 3 × 3 × 3, yaani 27, na mipangilio inayowezekana ni 6. Namba 27 haigawanyiki kwa 6, kwa hiyo mipangilio mitatu inapata njia 5 kila mmoja na mitatu inapata 4. Njia sahihi ni ya Fisher na Yates ya mwaka 1938, ambayo Durstenfeld aliiandika kwa ajili ya kompyuta 1964: anza na karata ya mwisho, chagua nafasi kati ya ya kwanza na hiyo uliyopo, badilisha, shuka nafasi moja, rudia. Kwa karata 3 inatoa 3 × 2 × 1, yaani 6 kamili, kila mpangilio mara moja.

Godot ina amri yake ya kuchanganya orodha na haina upendeleo, ila inachota bahati kwenye chanzo kimoja cha mchezo mzima. Vumbi la pangoni na mtikisiko wa skrini navyo vikichota hapohapo, mbegu moja ya pango (msimbo unaoanzisha bahati ya pango zima) inaweza kutoa karata tofauti kwenye simu mbili. Kwa hiyo mzunguko wa kuchanganya umeandikwa upya kwa RandomNumberGenerator, chombo cha Godot cha kuzalisha namba za bahati, tena tatu zilizotengana: ya karata, ya vyumba, na ya zawadi. Zikichangia moja, mchezaji anayeongeza karata anabadilisha bila kujua vyumba vilivyo mbele yake, na hakuna pango linaloweza kurudiwa kwa uchunguzi.

Pili, hata uchanganyaji ukiwa safi, hesabu yenyewe inauma. Fungu la karata 20, unaokota 5, una nakala 2 za karata unayoitegemea: uwezekano wa kupata angalau moja ni asilimia 45 hivi. Fungu la karata 12, nakala zilezile 2: asilimia 68. Wachezaji wengi wanaona karata nyingi ni utajiri, wanachukua zawadi kila chumba, na fungu linanenepa mpaka silaha yao haionekani. Kitufe cha Ondoa kilikuwa kidogo na cha rangi ya kijivu chini ya skrini. Sasa kiko sawa kwa ukubwa na kile cha Ongeza, na chini ya kila karata ya zawadi kuna mstari unaosema fungu litakuwa na karata ngapi ukiichukua.

Tatu ni pengo. Fungu la karata 20 linaisha kwa vyumba vinne, kisha linachanganywa upya. Karata iliyotoka chumba cha kwanza cha mzunguko mmoja inaweza kutoka chumba cha mwisho cha mzunguko unaofuata, yaani vyumba sita vinapita bila kuiona, na tabaka zima lina vyumba 8. Hapa ndipo mtu anaapa kwamba ameibiwa. Hatukuingiza huruma ya siri kwenye bahati, kwa sababu mchezaji akishaigundua atajifanya yuko karibu kufa ili apewe. Badala yake kuna mawili: rundo la kuokota linaweza kufunguliwa na kusomwa wakati wowote (bila mpangilio wa kutoka), na karata 1 mkononi inaweza kushikwa mpaka chumba kinachofuata. Kushika kunagharimu nafasi, maana chumba kijacho unaokota 4 badala ya 5.

Kasoro ndogo iliyotokea njiani na itakayomkuta yeyote anayejenga kitu cha namna hii: fungu la 12 linabakiza karata 2 chumba cha tatu, kwa hiyo unaokota 2, unachanganya zilizotumika, unaokota 3. Ukichanganya fungu zima badala ya zile zilizotumika tu, zile 2 zilizo mkononi zinaingia tena rundoni na mchezaji anashika karata moja mara mbili. Hakikisha kila karata ina namba yake ya utambulisho, na baada ya kila kuokota hesabu mkononi, rundo la kuokota na rundo la zilizotumika: jumla isipokuwa sawa na fungu, simamisha mchezo hapohapo kwenye toleo la majaribio.

Toleo 0.6.1: simu iliyokuwa inaonea watu

Maoni ya ajabu kuliko yote: kwenye simu za bei ya chini bosi wa tabaka la tatu ni mgumu zaidi. Wenye simu nzuri waliwajibu wenzao kwamba wanatafuta kisingizio. Wenye simu za chini walikuwa na haki.

Kila karata ilikuwa na saa yake. Kila fremu (picha moja inayochorwa kwenye skrini), muda uliopita unaongezwa kwenye saa. Saa ikifikia kipindi cha karata, karata inapiga na saa inarudishwa sifuri. Kosa liko kwenye kurudisha sifuri, kwa sababu ile ziada iliyopita kipindi inatupwa. Karata ya Kisu cha Kubangulia inapiga 3 kila sekunde 0.25. Kwa fremu 60 kwa sekunde, sekunde 0.25 ni fremu 15 kamili na hakuna kinachopotea. Kwa fremu 30 ni fremu 7 na nusu. Nusu ya fremu haipo, kwa hiyo kisu kinangoja ya 8 na kipindi kinakuwa karibu sekunde 0.267. Bosi naye ana pigo kubwa la kila sekunde 20. Kwake fremu moja ya ziada katika mia sita si kitu.

Sasa tazama bosi huyo, Mlinzi wa Birika, mwenye uhai na ngao vinavyofika jumla 230, dhidi ya kisu kimoja. Yanahitajika mapigo 77. Kwenye simu ya fremu 60, pigo la 77 linatua sekunde ya 19.25 na Mlinzi anaanguka kabla ya kunyanyua mkono. Kwenye simu ya fremu 30, pigo lilelile linatua baada ya sekunde 20.5. Mlinzi amekwisha kupiga. Karata zilezile, mpangilio uleule, mbegu ileile; mmoja ameshinda na mwingine amekufa. Hali ya kubana chaji inayoshusha fremu inatosha kumhamisha mtu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ndiyo maana baadhi yao walisema bosi ni mwepesi asubuhi na mgumu jioni.

Kuhifadhi ile ziada badala ya kuitupa kungepunguza tatizo lakini kusingelimaliza, kwa sababu mpangilio wa nani kapiga kwanza ndani ya fremu moja ungebaki unategemea simu. Tulichofanya ni kuling'oa pambano kutoka kwenye fremu. Pambano lote sasa linakokotolewa kwa midundo, 20 kwa sekunde, kwa namba nzima peke yake, mara tu mchezaji anapobonyeza Ingia. Kinachoonekana kwenye skrini ni marudio ya jambo lililokwisha amuliwa. Simu ikikwama, picha inakwama, matokeo hayabadiliki. Vipindi vyote vya karata vimegeuzwa kuwa midundo: sekunde 0.25 ni midundo 5, sekunde 20 ni midundo 400. Karata zilizokuwa na vipindi vya ajabu kama 0.33 zimesogezwa, maana kipindi kisichogawanyika kwa 0.05 hakina nafasi tena.

Faida nyingine imekuja yenyewe. Vitufe vya kasi, mara 2 na mara 4, ambavyo viliombwa sana, sasa havina hatari yoyote kwa matokeo. Kitufe cha Ruka nacho kimewekwa, ila kinafunguka kwa adui ambaye mchezaji amewahi kumshinda. Ukimpa mtu Ruka kwa adui mpya, atakufa bila kuona kitu, na tunarudi palepale pa sijui nimekufaje.

Toleo 0.6.2: kumbukumbu ya pambano

Hili ndilo toleo muhimu kuliko mengine yote, na ndilo lililochukua kazi kubwa.

Kila tukio linaandikwa kwa baiti 8: mdundo baiti 2, kiasi baiti 2, aliyepiga, aliyepigwa, karata na aina ya tukio baiti 1 kila kimoja. Pambano haliwezi kuzidi midundo 1,200. Hata tukikadiria matukio 3 kwa kila mdundo, ni matukio 3,600, baiti 28,800. Simu yoyote inabeba.

Ndani ya mdundo mmoja mambo yanakwenda kwa mpangilio usiobadilika: kwanza ngao na kuponya, pili mapigo ya pande zote mbili yanakusanywa na kutolewa kwa pamoja, tatu Babuko (mbabuko unaoondoa uhai kila sekunde; unaelezwa chini), nne kuhesabu waliokufa. Mapigo yasipokusanywa pamoja, anayetajwa kwanza kwenye orodha anakuwa na upendeleo wa siri. Wote wawili wakifa mdundo mmoja, mchezaji anabaki na uhai 1. Tulisikia hoja za pande zote hapa. Kilichoamua ni kwamba mchezaji hana namna ya kuingilia kati. Kumnyima ushindi juu ya adui aliyekwisha kufa mbele ya macho yake kunasomeka kama dhuluma, wala hakuna cha kujifunza humo.

Ugumu ulikuwa kuchagua cha kuonyesha. Kuna pambano moja linaloeleza tatizo lote. Mdundo wa 399: mchezaji ana uhai 41 na ngao 8. Mdundo wa 400: Mlinzi anapiga 45, ngao inameza 8, 37 inapita, uhai unabaki 4. Mdundo huohuo, hatua ya tatu: Babuko 4. Uhai sifuri. Ukimwandikia "umeuawa na Babuko" umesema kweli na umempotosha, kwa sababu atatafuta dawa ya Babuko wakati tatizo lake ni pigo la 45. Ukiandika Mlinzi peke yake, atabisha kwamba aliona uhai umebaki.

Kwa hiyo skrini ya kifo ina mistari mitatu tu. Wa juu, kwa maandishi makubwa: chanzo kilichoondoa uhai mwingi zaidi katika sekunde 5 za mwisho, na kiasi chake. Wa pili: pigo la mwisho kabisa. Wa tatu: karata ya mchezaji ambayo haikufanya kazi hata mara moja, kama ipo. Huu wa tatu ulipendekezwa na wachezaji wenyewe na ni mzuri mno. Mtu aliyeweka Ukuta wa Matumbawe nyuma, mahali ambapo unamkinga asiyepigwa, anaona "Ukuta wa Matumbawe: ngao 60, iliyotumika 0", na hahitaji maelezo mengine. Chini yake kuna utepe wa sekunde 5 za mwisho unaoweza kuburutwa kwa kidole mbele na nyuma, kwa robo ya kasi.

Wacheza bao walikuwa na hoja yao, na ilikuwa nzito. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na bahati haina mlango pale: anayejua kuhesabu anajua kete zitaishia shimo gani kabla hajazinyanyua. Kwao, pambano unaloliona tu bila kulihesabu mapema ni kubahatisha. Slay the Spire ilishapata jibu la nusu, kwa kumwonyesha mchezaji adui anakusudia nini kabla ya zamu yake. Kwetu, kabla ya Ingia, kila adui sasa anaonyesha vitendo vyake vitatu vya kwanza na sekunde zake. Mlinzi wa Birika anaonyesha "5: ngao 20. 12: Babuko 4. 20: pigo 45". Mwenye kutaka kuhesabu anahesabu. Majibu ya swali la pili la fomu, ungepanga vipi, yamebadilika sura tangu hapo: badala ya "ningeweka karata kali" yanataja sekunde.

Jambo moja la tabaka la Tendaguru. Kentrosaurus, ambaye mifupa yake ilichimbwa pale katika kazi za 1909 hadi 1913, alikuwa na miiba kuanzia mgongoni mpaka mkiani, kwa hiyo karata yake inarudisha asilimia 30 ya kila pigo. Pande zote mbili zikiwa na miiba, pigo lingerushwa huku na huku bila mwisho; kanuni ni kwamba pigo lililorudishwa halirudishwi tena. Na kwa kuwa hesabu ni ya namba nzima inayokatwa chini, asilimia 30 ya 3 ni 0: Kisu cha Kubangulia hakirudishiwi kitu. Wachezaji waliligundua hilo mapema, wakauliza kama ni kasoro. Tumeliacha, na maelezo ya karata sasa yanasema wazi kwamba desimali inatupwa. Mapigo madogo yaliyo mengi kuwa dawa ya miiba ni ujuzi halali.

Toleo 0.6.3: Mafuta ya Ganda

Lililolalamikiwa: Mafuta ya Ganda yana nguvu kupita kiasi. Dawa iliyopendekezwa: punguzeni Babuko kutoka 2 hadi 1.

Huku hakuna anayehitaji kuelezwa karata hii. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na wabanguaji hupaka majivu au mafuta mengine mikononi kujikinga. Karata inasema: kila sekunde 2, weka Babuko 2. Kila sekunde Babuko huondoa uhai sawa na idadi yake, na ngao haiizuii. Karata ya Majivu ndiyo inayoifuta.

Hesabu ya nakala moja: sekunde 20, jumla 200. Sekunde 40, jumla 800. Sekunde 60, jumla 1,800. Kisu kwa muda huohuo: 240, 480, 720. Kisu kinakwenda kwa mstari ulionyooka. Babuko, muda ukizidi mara mbili, madhara yanazidi mara nne. Ukipunguza 2 iwe 1, jumla inakuwa 100, 400, 900. Maana yake umemnyonga anayeitumia kwenye mapambano mafupi ya tabaka la kwanza, na hukumgusa aliyeweka Mafuta ya Ganda 1 na Ukuta wa Matumbawe 2 na kukaa akingoja. Mapishi hayo ndiyo yaliyokuwa yanalalamikiwa, na kiini chake ni urefu wa pambano.

Marekebisho ni mawili. Babuko kwa adui mmoja ina kikomo cha 24, sawa na visu viwili kwa sekunde. Nakala moja haifikii kikomo hicho kabla ya sekunde ya 24. Nakala tatu pamoja zinakigota sekunde ya 8, na hapo tatu za kisu zinazipita kwa nguvu ingawa zinazuiliwa na ngao. Pili, kuanzia sekunde ya 31 maji ya bamvua yanaingia pangoni: 1, kisha 2, kisha 3, kila sekunde moja zaidi, kwa pande zote mbili, ngao haisaidii. Mchezaji mwenye uhai kamili wa 60 anakufa sekunde ya 41 hata asipoguswa na adui. Ukuta bado una kazi, ila kazi yake ni kununua sekunde 10.

Waliolipenda pango refu la kujificha wamelalamika, na lalamiko lao ni la haki. Kwa ajili yao kuna karata mpya, Ngalawa, inayochelewesha maji kwa sekunde 5 ukiiweka nyuma. Haiongezeki ukiweka mbili.

Toleo 0.6.4: mambo ya simu

Bando kwanza. Muziki wa WAV wa stereo, biti 16 na 44,100 Hz unakula zaidi ya MB 10 kwa dakika. OGG, aina ya faili la sauti lililobanwa, ya kilobiti 96 kwa sekunde inakula chini ya MB 1, na spika ya simu haionyeshi tofauti. Muziki wote sasa ni OGG. Milio mifupi ya mapigo imebaki WAV ya mono, kwa sababu ni mingi kwa wakati mmoja na kuifungua kutoka kwenye OGG kila mara kunachosha prosesa.

APK (mafaili ya kusakinisha mchezo) zinatoka mbili, arm64-v8a ya biti 64 na armeabi-v7a ya biti 32, badala ya moja nene. Wengi hapa wanarushiana kwa Bluetooth, na kila MB ina maana. Angalia: simu kadhaa za bei ya chini zina prosesa ya biti 64 lakini Android iliyomo ni ya biti 32. Ikigoma kusakinisha, usihukumu simu, jaribu armeabi-v7a. Uchoraji uko kwenye hali ya Compatibility, inayotumia OpenGL ES 3.0, kwa sababu hali nyingine zinadai Vulkan, mfumo mpya zaidi wa kuchora, na kwenye simu za zamani zinaweza kutoa skrini nyeusi.

Kuhifadhi: Android inaweza kuua mchezo simu ikipigwa. Mchezo unaandikwa kila Ingia inapobonyezwa, kwenye faili la muda kwanza, kisha faili linabadilishwa jina. Chaji ikikata katikati, lile la zamani lipo zima. Kinachoandikwa ni mbegu, hali ya zile RandomNumberGenerator tatu, na mpangilio wa karata 3. Kwa hiyo anayezima mchezo akiona anakufa atarudi kwenye pambano lilelile lenye mwisho uleule.

Maandishi ya karata yameongezwa ukubwa na rangi za tabaka la kwanza zimekolezwa, baada ya kujaribiwa nje saa sita mchana. Babuko na kuponya zilikuwa nyekundu na kijani tu. Sasa kila moja ina umbo lake pia, tone na jani.

Wapo walioomba mapiko, yaani barakoa za ngoma, yawe maadui wa tabaka la pili. Hayatawekwa. Mapiko ni ya jando na unyago vya Wamakonde, yana wenyewe, na hayafai kupigwa visu pangoni kwa fulusi. Vinyago vya mtindo wa shetani, ambavyo vilichongwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutazamwa na kuuzwa, vinatosha kutupa maumbo ya maadui.

Yaliyobaki kwa 0.7

Zawadi za tabaka la tatu bado ni nyembamba: karata za Kasri ziko 9, na mtu anaziona zote kwa safari moja. Bei za duka hazijapimwa. Nafasi ya kati bado inawachanganya watu. Swali la "inamkinga nani" halijakoma kwenye fomu, na mishale iliyochorwa kati ya nafasi haijasaidia vya kutosha. Pendekezo linalojaribiwa ni kuonyesha, mchezaji anaposhika karata kidoleni, maadui watakaoweza kuifikia wakiwaka na wengine wakififia.

Wanaojaribu 0.6.4: mbegu ya pango iko pembe ya juu kulia, herufi na namba 8. Ukikuta kasoro, andika mbegu, namba ya chumba, na karata 3 ulizopanga kwa mfuatano wa mbele, kati, nyuma. Bila mfuatano huo pambano haliwezi kurudiwa, hata picha ya skrini ikiwepo.